Mtoto wa kiinitete kilichogandishwa: ni kweli wanachelewa kutembea na kuongea?

#1 MamaGoba
Habari za jioni wadau. Nitaeleza kwa kirefu kidogo kwa sababu jambo hili siwezi kulisema kanisani wala kwenye kikundi chetu cha akina mama.

Mwanangu ana miezi 15. Tulimpata kwa IVF, yaani yai na mbegu vilikutanishwa maabara, na kiinitete chake (ile mimba changa kabisa) kiligandishwa kwanza. Nilipotolewa mayai tumbo lilivimba vibaya na maji yakajaa, daktari akasema tusipandikize mwezi ule, tugandishe vyote nipone kwanza. Nikapandikizwa baadaye, mimba ikashika. Ikaenda vizuri hadi presha ilipoanza kupanda mwishoni, nikafanyiwa upasuaji wiki ya 38. Mtoto alikuwa kilo 4 na ushee, alilia pale pale.

Sasa hatembei. Anasimama akishika kochi, anasogea kwa ubavu hadi mwisho wa kochi, pale linapoisha anapiga magoti na kurudi alikotoka. Ukimwachia mikono anakaa. Maneno ni "mama" na "tata", basi. Wifi yangu, mmoja wa wachache wanaojua siri yetu, kasema mbele ya mume wangu kwamba mtoto aliyelala kwenye barafu lazima viungo viwe vizito. Nimelia sana.

Wenye ujuzi, kugandishwa kunachelewesha ukuaji? Na wenye watoto wa aina hii, wa kwenu walitembea lini?

#2 Mchambuzi wa Ilala
Pole dada. Mtoto wa kwanza wa chupa, Louise Brown wa Uingereza, alitoka kwenye kiinitete cha friji mwaka 1978 na leo ni mama mwenye watoto wake. Wifi mwache aongee.

#3 Sayari ya Tatu
#2 hapo umechanganya mambo mawili. Louise Brown alizaliwa Oldham, 25 Julai 1978, kazi ya wataalamu Edwards, Steptoe na Jean Purdy, na kiinitete chake hakikugandishwa kabisa. Ya kugandisha ilikuja baadaye: mimba ya kwanza iliripotiwa Melbourne, Australia, mwaka 1983 na haikufika mwisho. Mtoto wa kwanza alizaliwa huko huko mwaka 1984. Kwa hiyo wakubwa wa kundi la mtoto wa MamaGoba wameshavuka miaka 40. Dunia ina watoto wengi sana wa namna hii. Kama barafu ingekuwa inalemaza miguu, tungeshajua zamani.

#4 Nesi Mstaafu
MamaGoba mwanangu, nimekaa kliniki ya watoto miaka mingi. Kabla hujafika kwenye barafu, tuanze na umri. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, wakaandika kila mtoto alifanya nini lini. Kutembea mwenyewe bila kushika: kuanzia miezi 8.2 hadi 17.6. Kukaa bila kuegemezwa: 3.8 hadi 9.2. Kutambaa kwa mikono na magoti: 5.2 hadi 13.5, na wapo wasiotambaa kabisa wakatembea moja kwa moja. Wako ana 15 na anazunguka kochi. Huyo bado yumo ndani ya mstari.

Sasa nijibu haya: alikaa lini? Kidole gumba na cha shahada anaokota punje ya wali? Ukimwita kwa nyuma anageuka? Akisimama, nyayo zote mbili zinakanyaga chini au mmoja unasimama kwa vidole? Kuna kitu alikuwa anakiweza akaacha?

#5 Mswahili wa Maskati
Nafurahi kuona Oman imetajwa. Sisi huku binti yetu ni wa kugandishwa pia, alitembea kwenye miezi 13, na ndugu yake tuliyempata bila msaada wowote alipita 16. Sasa huyo wa pili tumlaumu nani?

#6 Kigogo Mkweli
Jamani tusifarijiane tu. Kuna utafiti mkubwa wa Sweden ulionyesha watoto wa IVF wana usonji zaidi. Mambo haya yana siri nyingi, hospitali zinataka pesa.

#7 Mbongo Göteborg
#6 huo utafiti naufahamu, ulitoka mwaka 2013 kwenye jarida la madaktari wa Marekani. Watoto zaidi ya milioni 2.5 waliozaliwa Sweden kati ya 1982 na 2007. Matokeo yake ni haya: usonji, kwa IVF kwa ujumla, HAUKUONGEZEKA. Kilichoongezeka kidogo ni ulemavu wa akili, 46.3 dhidi ya 39.8 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka. Walipoondoa mapacha na kubaki na waliozaliwa mmoja mmoja, tofauti hiyo haikuonekana tena kitakwimu.

Sitaki kuficha upande wa pili: walipotenganisha aina za matibabu, kundi la ICSI (ile ya kuchoma mbegu moja ndani ya yai kwa sindano) lilikuwa juu kuliko IVF ya kawaida, na ndani yake walikuwamo wa viinitete vilivyogandishwa. Lakini wanaofanyiwa ICSI mara nyingi ni wale ambao mbegu za baba zina shida. Hapo kutenganisha sindano, barafu na baba ni kazi ngumu.

Huku huku Sweden, mwaka 1998, walifuatilia watoto 255 wa kugandishwa, 255 wa IVF isiyogandishwa na 252 wa mimba za kawaida hadi miezi 18. Urefu, uzito, magonjwa: hawakuona tofauti ya maana.

#8 Mama Pacha Nakuru
Asante #7 kwa hilo la mapacha, maana ndiyo hadithi yangu. Niliwekewa viinitete viwili vilivyogandishwa, vyote vikashika. Watoto walikuja wiki ya 33, njiti, mmoja kilo moja na nusu. Walikaa kwa umri ambao wenzao wanatambaa. Mama mkwe alisema ni dawa za hospitali. Daktari wa watoto akanionyesha kuhesabu: unaondoa zile wiki walizowahi, halafu ndipo unawalinganisha na wenzao, na unafanya hivyo mpaka watimize miaka miwili. Kwa hesabu hiyo walikuwa sawa. Sasa wako darasa la pili na kelele zao zinafika kwa jirani.

Kwa hiyo mimi nasema shida ni kuweka viwili. Ningerudi nyuma ningewekewa kimoja.

#9 Fundi wa Hadubini
Nafanya kazi maabara ya uzazi, niwaeleze barafu yenyewe ilivyo, kwa sababu wengi mnawaza nyama ya kwenye friza.

Kiinitete cha siku ya tano ni kidogo sana, kwa macho matupu unakiona kama nukta tu. Unakipitisha kwenye vimiminika vya kinga, maji ya ndani ya seli yanatoka, na chini ya hadubini unakiona kinanywea kabisa. Unakiweka kwenye ncha ya kijiti chembamba cha plastiki na kukitumbukiza kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi -196. Kinapoa kwa kasi ambayo chembe za barafu hazipati muda wa kujitengeneza. Hiyo ndiyo vitrifikesheni. Siku ya kuyeyusha unakipasha moto kwa sekunde chache, unakirudishia maji, na baada ya saa kadhaa unakiona kimejaa tena. Ndani ya baridi ile hakuna kinachoendelea, hakizeeki. Mwaka 2022 Oregon, Marekani, walizaliwa mapacha wa viinitete vilivyogandishwa mwaka 1992.

Kisichostahimili hufa hapo hapo kwenye kuyeyushwa. Mimi naamini ndiyo maana watoto wa kugandishwa huzaliwa na uzito mzuri kuliko wa IVF isiyogandishwa: waliofika ni wale wenye nguvu.

#10 Dkt wa Zamu
Fundi, maelezo ya maabara mazuri, ila hilo la mwisho silikubali kirahisi. Siku hizi kwa vitrifikesheni vingi mno vinapona, mchujo wenyewe umebaki mdogo. Na uzito haupandi tu hadi "mzuri", wapo wanaozaliwa wakubwa kupita umri wa mimba, kama huyu wa MamaGoba. Ukubwa huo nao una hatari zake wakati wa kujifungua: bega kukwama, mtoto kukosa hewa. Ndiyo maana Nesi anauliza maswali yake.

Mimi naangalia tumbo la mama. Mizunguko mingi ya kupandikiza kilichogandishwa hufanywa kwa vidonge na homoni ya projesteroni, yai halipevuki mwezi ule. Yai lisipotoka, kile kivimbe kinachobaki kwenye ovari hakipo, na chenyewe mbali na projesteroni hutoa homoni iitwayo rilaksini na vingine vinavyosaidia mishipa ya mama kuzoea mimba. Mizunguko hiyo ndiyo inayoongoza kwa presha ya mimba. MamaGoba katueleza presha ilipanda na mtoto kazaliwa mkubwa. Nauliza: ulipandikizwa kwa vidonge au kwa mzunguko wako wa kawaida?

#11 Sayari ya Tatu
Dkt, presha na uzito nimekuelewa. Ila unarukaje kutoka hapo hadi mtoto kutotembea?

#12 Dkt wa Zamu
Sijaruka. Nasema kama kuna kinachotofautiana, tukitafute kwenye kondo la nyuma na mishipa kabla ya kulaumu naitrojeni. Kwenye ukuaji wa akili na viungo, kuna ufuatiliaji wa New York wa watoto 5,841, kati yao 1,830 wakiwa wa matibabu ya uzazi ya aina mbalimbali. Wazazi walijaza dodoso tangu miezi minne hadi miaka mitatu: kutembea, kushika, kuongea, kutatua mambo, kuchangamana. Ripoti ya mwaka 2016 ikasema, ukishazingatia mapacha, hakuna tofauti.

#13 Kigogo Mkweli
Dodoso linajazwa na mzazi mwenyewe! Mzazi aliyeuza kiwanja apate mtoto ataandika mwanangu hawezi?

#14 Mama Pacha Nakuru
#13 mimi niliandika kila kitu ambacho wangu hawakuweza, mpaka nesi akanicheka. Aliyemtafuta mtoto kwa jasho ndiye wa kwanza kuona kasoro, hata isiyokuwepo.

#15 Mbongo Göteborg
Hoja ya #13 ina uzito, na ya #14 pia ina uzito. Niongeze nyingine dhidi ya mfano wangu mwenyewe: watoto wale 255 wa mwaka 1998 waligandishwa kwa njia ya zamani, polepole. Wa leo ni wa vitrifikesheni, vimiminika vyake ni vikali zaidi na kiinitete mara nyingi kimekuzwa hadi siku ya tano. Huwezi kuchukua jibu la wale ukawapa hawa moja kwa moja.

#16 Mzee wa Barazani
Nimesoma yote. Wajukuu wangu wawili wa mjini walichelewa kutembea na hawajui maabara ilipo. Dada wa kazi anawabeba kutwa. Sakafu ni marumaru, mama anaogopa wataanguka. Mtoto ajifunze saa ngapi? Mwekeni mkeka chini, mwacheni.

Na huyo "tata" wa MamaGoba, ndiye anayembeba?

#17 MamaGoba
Shikamoo Mzee, umenipata. Ndiye, "tata" ni dada wa kazi. Na mimi nikirudi kazini nambeba pia, nimemsubiri miaka mingi mno, kumweka chini naona kama namtupa.

Nesi: alikaa miezi 7 hivi. Punje anaokota, hata zile ambazo sitaki aokote. Ukiita anageuka. Nyayo zote mbili zinakanyaga. Hakuna alichoacha. Tuna kile kigari cha magurudumu cha kujifunzia kutembea, anakipenda sana.

Dkt: vidonge, na sindano za projesteroni kila jioni.

Nje hatoki sana. Naogopa macho ya watu, nisiwafiche.

#18 Nesi Mstaafu
Kigari kiweke stoo leo hii. Kanada wamekipiga marufuku tangu mwaka 2004 kwa sababu ya ajali, na hakifundishi kutembea: mtoto anasukuma kwa vidole huku kiti kimembeba makalio. Mpe kiti cha plastiki kizito kidogo akisukume mwenyewe akiwa amesimama.

Na hilo la kutotoka nje ndilo linanigusa zaidi ya mengine yote. Nimeona watoto wa waliohangaika kupata, wamefungiwa ndani kama dhahabu, jua hawalijui, wanakuja kliniki miguu imepinda na misuli imelegea kwa kukosa vitamini D. Mwambie daktari wa watoto akague hilo na damu pia. Na mweleze wazi mimba ilivyopatikana na presha yako. Siri kwa wifi sawa, siri kwa daktari hapana.

#19 Dkt wa Zamu
Naunga mkono. Akifika miezi 18 hatembei peke yake, hiyo haisubiri tena, aonwe vizuri. Na hata sasa mtaalamu wa mazoezi ya viungo akimtazama si vibaya.

#20 Binti wa Pangani
Samahani naingiza jingine. Niliambiwa watoto hawa wanapata saratani. Nina viinitete vimehifadhiwa na nimeshindwa kulala.

#21 Mbongo Göteborg
Binti, kuna ripoti ya Denmark ya mwaka 2019: kati ya watoto 3,356 wa kugandishwa walikuta 14 wenye saratani, kiwango cha juu kuliko kwa watoto wengine. Mwaka 2022 nchi nne za huku kaskazini ziliunganisha kumbukumbu zao na uwiano huo ukaonekana tena, mdogo zaidi. Idadi ya watoto waliougua ni ndogo sana, na watafiti wale wale walisema tahadhari itumike kwa sababu hiyo. Wengi kabisa wa watoto hawa hawaugui. Hilo lizungumze na daktari wako kabla hujaamua.

#22 Fundi wa Hadubini
Na kugandisha kumeokoa akina mama. MamaGoba angepandikizwa mwezi ule tumbo limejaa maji, mimba ingeizidisha hali ile na pengine tungekuwa tunasimulia mengine. Watu wakihesabu hasara za barafu wahesabu na hilo.

#23 Mswahili wa Maskati
Tumebakiwa na vitatu. Ada ya kuhifadhi inakuja kila mwaka. Kwa sisi Waislamu masheikh walituruhusu kwa sharti moja: vitumike ndoa ikiwa hai, mume na mke wale wale. Mke wangu anataka wa tatu, mimi naona umri umekwenda. Mnafanyaje wenzetu?

#24 Mama Pacha Nakuru
Sisi tulikuwa na vinne. Padri alikuwa amekataa jambo zima tangu mwanzo, kwa hiyo hatukumuuliza tena. Bado tunalipa.

#25 Baba Igoma
Nimekuwa nasoma kimya. Wa kwetu ni wa kugandishwa pia, lakini kinyume cha MamaGoba: alitembea kabla ya mwaka, anapanda mpaka mezani. Anakaribia miaka miwili na maneno hayafiki kumi. Ananivuta mkono hadi kwenye anachotaka. Kwa hiyo wa MamaGoba viungo, wa kwangu ulimi, na chanzo mnasema ni kimoja?

#26 Kigogo Mkweli
Ndicho ninachosema tangu asubuhi. Kuna kitu hapo.

#27 Sayari ya Tatu
Au kuna vitu viwili visivyohusiana, kwa watoto wawili. Wangapi mtaani kwako wamechelewa kuongea na mimba zao zilikuja zenyewe?

#28 Nesi Mstaafu
Baba Igoma, masikio yamepimwa? Anakutazama usoni mkicheza? Anakuonyesha vitu kwa kidole, au anakuvuta mkono tu? Nyumbani mnaongea lugha gani, na runinga inawaka saa ngapi?

#29 Baba Igoma
Kisukuma kwa bibi, Kiswahili kwetu, na dada wa kazi ni Mjaluo anamwimbia kwao. Masikio hatujapima. Kwa kidole haonyeshi sana. Chakula anakula akiangalia katuni, bila hizo hafungui mdomo.

#30 Mzee wa Barazani
Lugha tatu zisiwatishe, watoto wa mpakani wote wamekua nazo.

#31 Nesi Mstaafu
Lugha siyo ninayoiogopa, Mzee. Katuni ndiyo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019: chini ya mwaka mmoja asiangalie kabisa, wa mwaka mmoja na ushee ni vivyo hivyo, akifika miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Lakini kutoonyesha kwa kidole katika umri huo nisingeliachia katuni peke yake. Masikio kwanza, mwezi huu huu, halafu aonwe na mtu wa matamshi. Hapo wala sijauliza mimba ilipatikanaje.

#32 Dkt wa Zamu
Nami ningeuliza umri wako Baba Igoma, na kama mlifanyiwa ile sindano ya #7. Baba mwenye umri mkubwa ni jambo linalojitegemea, barafu iwepo isiwepo.

#33 Baba Igoma
Umri 47, na ndiyo, sindano.

#34 Fundi wa Hadubini
Basi hapo tumeshapata vitu vitano vya kulaumu na mtoto mmoja.

#35 MamaGoba
Nimeweka mkeka na kigari kiko stoo, "tata" kanuna. Nimepata miadi Alhamisi kwa daktari wa watoto, na ameniunganisha na mtu wa mazoezi ya viungo. Mume wangu amesoma uzi huu wote na kasema wifi atamsikia yeye mwenyewe. Nitaleta majibu ya vitamini D.

#36 Baba Igoma
MamaGoba, hapo ulipopata miadi wanapima na masikio ya watoto wadogo? Tunakuja Dar mwisho wa mwezi, nitumie maelekezo inbox.